Kepher Asiamshwe

Kepher Amolo alikuwa akikoroma mchana, jua likiwa utosini, na kambi nzima ilimjua kwa hilo kabla ya kumjua kwa jina. Alikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha chai, shifti ya usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Usiku alilisha moto magogo ya mkaratusi, asubuhi alirudi nyumbani kulala. Na nyumba zenyewe ni zile za laini, vyumba vingi chini ya bati moja refu, ukuta wa kutenganisha jirani na jirani ukiwa haujafika juu. Aliyezijenga alikuwa bahili wa matofali, au labda aliamini wafanyakazi hawana mambo ya kuficha. Ukikaanga omena, jirani anajua. Ukigombana na mkeo, jirani anajua nani alianza. Sasa fikiria mkoromo wa Kepher.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Makori, Mkisii wa maneno mengi, askari wa usiku kwenye lango la kiwanda hicho hicho. Naye usingizi wake ulikuwa wa mchana. Kepher alianza polepole, akapanda, akapanda, mpaka ukadhani bati litang'oka. Halafu ghafla, kimya. Halafu mkoromo mmoja mzito, kama ng'ombe anayejitoa matopeni, na safari inaanza upya. Makori alikuwa amepewa rungu la kazi, na haki ya Mungu, rungu lile lilipiga ukuta wa Kepher mara nyingi kuliko lilivyowahi kumpiga mwizi. Akigonga, Kepher anashtuka, anageuka ubavu, na wote wawili wanapata kausingizi.

Makori akiwa hayupo, kazi hiyo ilikuwa ya Dorine. Dorine ndiye mke wa Kepher. Tangu mgongo umkataze kuchuna chai alikuwa akiuza mandazi na omena mlangoni pake, na kila alipousikia mkoromo umekatika aliinua pazia, akamvuta mumewe kidole gumba cha mguu, akarudi kwa wateja. Hakuna aliyemfundisha. Kimya kile hakikumpendeza tu. Wanawake wa kambi walimcheka, wakamwambia ana bahati, mume anayekoroma ni mume aliyeshiba, na ukiwa uani huna haja ya kuuliza kama yuko nyumbani.

Kicheko kilianza kupungua mwaka wa tisini na sita, mvua za Aprili zilipoanza. Kepher alikuwa akiamka na kichwa kinachogonga, mdomo mkavu, macho mekundu. Alisinzia akila. Alisinzia kanisani, Sabato baada ya Sabato, mpaka mzee wa kanisa akamhamisha benchi la mbele ili aone haya. Hakuona haya, alilala huko mbele. Na kwenye dispensari ya shamba, Sista Rodah alikuwa amempima akamkuta na presha, akampa vidonge, akamkataza chumvi. Kepher alimeza vidonge kama alivyoambiwa. Dorine alipika ugali na mboga zisizo na ladha ya kitu, na watoto wakala wakinuna. Presha haikushuka hata kidogo.

Kisha Robert akamkuta amelala kazini. Robert alikuwa supavaisa, kijana wa Silibwet, mwenye shati safi na adabu ya kutosha siku nyingine. Siku hiyo hakuwa nayo. Kepher alikuwa ameketi juu ya gogo, kidevu kifuani, na mshale wa kipimo cha mvuke ulikuwa umepanda mpaka mahali ambapo haufai kufika. Robert alifungua valvu mwenyewe, akamtikisa, halafu mbele ya vijana wa kubeba kuni akamwambia apumue usoni pake ili anuse kama ni pombe. Mtu mzima, Msabato aliyebatizwa, baba wa mtoto anayengoja mtihani wa darasa la nane, akainama na kumpumulia kijana usoni. Hakukuwa na harufu ya pombe. Kulikuwa na harufu ya mtu aliyechoka.

Robert mwenyewe aliona aibu baadaye, lakini habari ilikuwa imeshafika kwa meneja. Meneja akatoa amri kwamba watu wote wa boila watapimwa presha Ijumaa, na atakayepatikana nayo juu ataondoka kwenye boila. Kila mtu alijua maana ya kuondoka kwenye boila. Kiwanda kilikuwa kikileta mashine mpya na kupunguza mikono, kazi nyingine haikuwepo. Na kwa kuwa nyumba ni ya kazi, kazi ikienda, nyumba nayo inaenda, na mtihani wa mtoto wao Ogari unafanyiwa wapi? Kwa hiyo yote yalikuwa yamesimama juu ya Ijumaa moja na mkono mmoja wa Kepher.

Dorine alikwenda kwa Sista Rodah kuomba msaada. Hakuomba uongo, hapana, aliomba ushauri. Sista alikuwa mama wa watu, mkulima wa chai yeye mwenyewe huko kwao Sigor, na hakupenda kuona familia ikitupwa nje. Alifikiri, akasema mtu huyu amechoka. Usiku anafanya kazi, mchana halali, anagongewa ukuta na kuvutwa miguu. Presha itashukaje? Alale. Alale vizuri siku zote zilizobaki, mtu asimguse.

Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Ungempa mtu mwingine yeyote, ungemfaa.

*

Kambi ikaungana kumlaza Kepher. Nakwambia, ukitaka kujua kama watu wa laini wanapendana, ngoja mmoja wao akaribie kufukuzwa. Robert, kwa aibu ya ile siku, alimpa ruhusa ya kukaa nyumbani mpaka Ijumaa. Makori alichukua blanketi lake na kusema atalala kwenye kibanda cha lango, ajikunje kama paka lakini asimsumbue jirani. Rungu aliliegemeza kwenye kona ya chumba chake, akaapa hatagonga ukuta ule hata nyumba iwake moto. Chepngeno wa mlango wa tatu alileta vidonge vidogo vya manjano vya mafua, vile vinavyomlaza mtu kama gogo, akasema viwili asubuhi, viwili saa ya mchana. Watoto walikatazwa kucheza mpira wa makaratasi uani. Redio zilinyamaza.

Kepher alilala chali, mikono kifuani, mito miwili ikiwa imeondolewa ili shingo isimuume. Kabla ya dawa kumshika alimwambia mkewe kwamba anaona haya, nyumba nzima nzima zinatembea kwa vidole kwa ajili yake. Dorine akamwambia alale, haya ataziona baada ya Ijumaa.

Naye akaweka kigoda mlangoni na kukaa kama mlinzi. Mteja akija alimwonyesha kidole mdomoni. Akina mama wa kwaya walipopita wakiimba aliwakimbilia mikono juu wakanyamaza. Ndani, mkoromo ulipanda na kukatika. Ukakatika muda mrefu zaidi ya alivyozoea. Dorine aliinuka kwa mazoea tu, akashika pazia, mkono ukiwa tayari unatafuta kile kidole cha mguu. Akakumbuka maneno ya sista. Akaachia pazia, akarudi kukaa.

Ndani pakawa na ule mkoromo mzito wa kujitoa matopeni, na kimya tena. Kimya ndicho kilichokuwa kingi. Dorine alisema asante Yesu, sasa amepata usingizi. Alifurahi, jamani. Alikaa pale akichambua omena, moyo ukiwa mwepesi kama haujawahi kuwa mwepesi mwaka huo wote, na kila mtu aliyepita aliuliza kwa macho, naye akajibu kwa kutikisa kichwa: amelala, amelala vizuri.

Ikawa hivyo siku zote mpaka Alhamisi.

*

Ijumaa Kepher aliamka akiwa amevimba uso. Alisema kichwa kinataka kupasuka. Dorine alidhani ni usingizi mwingi, maana hata usingizi ukizidi unalevya, akamnawisha, akampa shati la kanisani, wakaenda.

Watu wa boila walikuwa wamepanga foleni kwenye benchi la dispensari, wakitaniana ili wasionekane wanaogopa. Robert alisimama mlangoni na karatasi za kiwanda. Kepher alipoitwa, Sista Rodah alimfunga kitambaa cha kupimia mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza. Akafungua, akafunga upya. Akamwambia apumzike kidogo, ahesabu vidole vyake, asifikirie kitu. Akapima mkono wa pili. Dorine alikuwa akimtazama sista usoni, si kwenye kile chombo, na hapo usoni ndipo alipoona kwamba kazi imekwenda.

Kepher naye aliona. Alitaka kusema kitu, akafungua mdomo, na upande mmoja wa mdomo ukakataa kufuata mwingine. Mkono wake wa kulia ukaanguka kutoka mezani ukaning'inia. Alijaribu kusimama kwa heshima, kama mtu anayetaka kuaga, akaenda chini pamoja na kiti. Suruali ikalowa mbele ya wenzake wote. Mtu mmoja wa nyuma kwenye foleni, ambaye hakuona vizuri, akasema kwa sauti kumbe kweli anakunywa huyu.

Dorine alivua leso kiunoni akamfunika mumewe mapaja. Hilo ndilo jambo la kwanza alilofanya. Baadaye alijilaumu kwa hilo pia, kwamba alishughulikia aibu kabla ya mtu.

*

Pikapu ya kiwanda iliwapeleka hospitali ya misheni upande wa Bomet. Huko Kepher alilazwa kwenye wodi ya wanaume, amepooza upande wa kulia, maneno yake yakitoka kama ya mtu mwenye viazi moto mdomoni. Daktari aliyemshughulikia aliitwa Celine, mwanamke mfupi asiye na haraka. Alimpima Kepher, akampima tena, akatazama shingo yake nene na koo lake kwa tochi, halafu akamwita Dorine nje kwenye benchi na kumuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza.

"Mzee anakoroma?"

Dorine alikaribia kucheka. Akasema daktari, kwetu kambini hata mbwa wanajua. Daktari hakucheka. Akauliza, huo mkoromo, unakatika? Dorine akasema unakatika, unanyamaza, halafu unarudi kwa nguvu. Akauliza, unanyamaza kiasi gani? Dorine akatafuta namna ya kupima kimya, akasema kiasi cha kugeuza mandazi sufuriani yote na kuyatoa.

Daktari alisogea karibu naye kwenye benchi. Kisha akaeleza, taratibu, kwa Kiswahili cha kawaida. Koo la mume wako linalegea akilala, linajifunga, hasa akilala chali. Hewa haipiti. Shingoni tuna vinundu vidogo kazi yake ni kuonja damu, na vikionja kwamba hewa imepungua vinapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unaamuru mishipa yote ya damu ijikaze. Presha inaruka. Mtu anashtuka, anavuta pumzi, analala tena, anakabwa tena. Hivyo hivyo, kila anapolala, miaka. Na mishipa ndani ina ngozi laini, ndiyo inayoiambia ilegee baada ya hatari kupita. Ikishtuliwa kila siku ngozi hiyo inachoka, inaacha kusema legea, inabaki kusema kaza tu. Ndiyo maana presha ilikaa juu hata akiwa macho, hata akinywa chai. Ndiyo maana vidonge peke yake havikuiweza.

"Wewe ni mke wa mtu wa boila," daktari alisema. "Ni moto unaochochewa huku valvu imekwama."

Dorine alielewa. Ni afadhali asingeelewa. Aliuliza, na alijua jibu kabla ya kumaliza swali.

"Kwa hivyo ile wakati alikuwa amenyamaza..."

"Alikuwa hapumui."

"Na mimi nikimvuta mguu?"

"Ulikuwa unamrudishia pumzi, mama."

Akamweleza daktari yote, vidonge vya manjano, kulala chali, kigoda mlangoni. Daktari hakumlaumu. Alisema ugonjwa ulikuwa wa miaka na ungeweza kumwangusha siku yoyote. Lakini hakusema zile siku hazikuongeza kitu, na Dorine alingoja aseme, akangoja mpaka akaona hatasema. Ziko mashine za kusukuma hewa puani, daktari aliendelea, ziko nchi za mbali, sisi hapa hatuna. Tulicho nacho ni mikono. Alazwe ubavu. Akinyamaza, aamshwe. Wauguzi ni wachache na wodi imejaa, kwa hiyo mtu wa nyumbani akae naye kila anapolala. Ubongo umeshaumia, hatapona kiharusi kingine kama kile.

*

Makori alikuja Jumapili, amevaa koti la mazishi kwa sababu ndilo alilokuwa nalo. Alileta habari ambazo kiwanda kingeweza kuleta chenyewe. Kazi ya Kepher ilikuwa imepewa mtu mwingine, na nyumba ilitakiwa mwisho wa mwezi. Alisema amemwambia Robert kwamba Ogari atalala kwake Makori mpaka afanye mtihani, na atakayekataa aje amtoe yeye askari kwanza. Dorine akashukuru. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wao hawakuficha kitu, walikuwa wamehangaika hadharani, kambi nzima ikisaidia.

Dorine akafikiria kama amwambie maneno ya daktari au anyamaze. Makori akaanza mwenyewe, akasema kitu kimoja kinamfurahisha, kwamba angalau zile siku za mwisho hakumsumbua mzee na lile rungu. Dorine alimtazama. Kisha akamwambia, kwa sababu hakuweza kulibeba peke yake, kwamba rungu ndilo lililokuwa dawa. Makori alicheka kidogo akidhani ni utani. Alipoelewa alishuka kutoka kwenye benchi akachutama chini, viganja usoni, na wagonjwa wawili wakageuka kumtazama mtu mzima akilia.

*

Ajwang, mama yake Kepher, alifika kesho yake kutoka Nyakach, pamoja na Seth, mdogo wa Kepher, ambaye ni mhubiri. Walikuwa wamepanda mlima kupitia Sigowet tangu alfajiri. Mama alikuwa mwembamba, mrefu, mjane wa zamani, na sauti yake haikuwa imezoea kubishiwa. Alimkuta mwanawe amelala, mdomo umepinda, na kando ya kitanda mkewe mwenye macho mekundu kama ya mlevi, maana Dorine alikuwa hajalala ila kwa vipande.

Seth aliomba. Aliomba sana, na katikati ya maombi mkoromo wa Kepher ulikatika. Dorine aliinuka, akamshika mumewe bega na kumtikisa kwa nguvu. Kepher akakoroma, akashtuka, akafungua jicho moja, akalalamika. Seth akakata maombi bila amina.

Haikupita muda akafanya vile tena. Na tena. Ajwang alivumilia kama mgeni anavyovumilia, halafu akakoma kuwa mgeni.

"Nyar Sakwa," alisema, akimwita kwa jina la kwao, binti wa Sakwa, "huyo mtoto wangu amekukosea nini?"

Dorine akajaribu kueleza habari za koo na mishipa. Maneno ya daktari, yakipita kinywani mwake aliyechoka, yalitoka vipande vipande. Ajwang hakuyasikia. Alisema amesikia mengine huko njiani, amesikia kwamba hata kambini mtu huyu alikuwa akivutwa miguu kila alipolala, akigongewa ukuta kama mwizi, mpaka akapooza. Mtu mgonjwa huachwa alale. Hata mnyama huachwa alale. Seth akamshika shemeji yake mkono, kwa upole lakini kwa nguvu, akasema twende nje upumzike, sisi tutakaa naye.

Dorine aliliona akilini pazia la nyumba yake, na mkono wake ukiliachia. Akauvuta mkono kutoka kwa shemeji. Hakuwahi kumbishia mama mkwe tangu aolewe, hata alipochaguliwa jina la mtoto. Siku hiyo alimshika mama yule kifundo cha mkono, jambo ambalo mke wa mwana hafanyi, akakilaza kiganja chake juu ya kifua cha Kepher.

"Mama, usiniamini mimi. Shika hapa tu, ungoje."

Ajwang alitaka kuutoa mkono. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka chini ya kiganja chake, kifua kile kile alichokipaka mafuta kikiwa kidogo. Mkoromo ukapanda. Ukakatika. Kifua kilijaribu, tumbo likavuta ndani, lakini hakuna kilichoingia. Ajwang alingoja. Alimtazama Dorine, na Dorine hakufanya kitu, alikuwa amefunga mikono yake makwapani ili isimsaliti, na machozi yalikuwa yakimtiririka. Midomo ya Kepher ikaanza kugeuka rangi. Seth akasema mama, mama, sasa ni nini.

Ndipo mama yule akainua mkono na kumzaba mwanawe kofi la uso, kofi la kweli, lililosikika wodi nzima, na kumwita kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto kutoka ng'ambo ya mto, Amolo, Amolo, we Amolo.

Kepher alivuta pumzi. Aliivuta kwa kelele mbaya, akakohoa, akafungua macho. Kwa ule mdomo uliopinda aliuliza nani anampiga.

"Ni mimi, mama yako," Ajwang alisema, na tayari alikuwa anavua viatu ili akae vizuri kitandani kwake. "Nyar Sakwa, lala hapo chini kidogo. Nitampiga mimi."